Muulize Shangazi: Bei ya mchezo imeandikwa, isome kabla hujakaa

Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao mimi na mke wangu tutakuwa Las Vegas kwa siku chache, kuna harusi ya binamu yake. Nimezoea kucheza pokeri na wenzangu wa kazini, dau la dola tano tano, na ninatamani siku moja nikae kwenye shindano la kweli la kasino. Zile mashine za video pokeri pia zinanivutia. Uliwahi kutaja humu kwamba unazicheza siku yako ya mapumziko. Siku hiyo inakwendaje, na mtu aende na kiasi gani? — Msomaji, Minneapolis, Minnesota

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa harusi. Umeuliza pesa mwisho, mimi naanza nayo. Natoka nyumbani na bahasha mbili za taslimu: dola 100 za shindano na dola 100 za mashine. Pembeni nina pesa ya chakula na ya kuwaachia wahudumu. Kadi ya benki inabaki nyumbani. Mashine za kutolea pesa ndani ya kasino zinakata ada kubwa, halafu zimewekwa palepale ambapo mtu aliyetoka kuliwa atazipitia. Kodi ya nyumba, bima ya gari na pesa ya mama yangu aliyeko Moshi vimeshalipwa kabla sijashika bahasha. Hizo dola 200 nimekwisha kuzihesabu kuwa zimetumika, kama vile nimenunua tiketi. Zikirudi, nashukuru. Zisiporudi, hakuna mtu nyumbani aliyekosa kitu.

Shindano ninalolipenda linaanza saa 5 asubuhi. Ukifika kwenye dawati la chumba cha pokeri, kabla hujatoa hata senti, omba karatasi ya muundo wa shindano. Angalia mambo matatu: unaanza na chipu ngapi, kila ngazi ina dakika ngapi kabla dau la lazima, lile linalowekwa kabla karata hazijagawiwa, halijapanda, na katika kiingilio chako ni kiasi gani kinaingia kwenye zawadi. La kwangu linatoa chipu 20,000 na ngazi za dakika 20. Katika kiingilio cha dola 100, dola 72 zinaingia kwenye zawadi, na 28 zinabaki kwa kasino na wafanyakazi wake. Hizo 28 ndizo bei ya kukaa pale. Wakijiandikisha watu 50, zawadi zote ni dola 3,600 na wanaolipwa ni 6. Wengine 44 wanaondoka mikono mitupu, na ndani yao wamo waliocheza vizuri sana. Karatasi ikikuambia ngazi ni za dakika 10, liache. Dau litapanda mbio hivi kwamba baada ya saa moja kila mtu anatia chipu zake zote kwa kubahatisha, na wewe umelipa kiingilio kilekile kwa muda mfupi.

Na chipu za shindano hazina thamani ya pesa. Huwezi kuinuka katikati na kwenda kuzibadilisha dirishani. Nasema hivyo kwa sababu wageni hujaribu.

Wachezaji wa asubuhi ni wastaafu, madereva, na wagawaji karata wa kasino nyingine walio mapumzikoni. Hawana haraka na hawana ubaya. Mwambie mgawaji kwamba ni mara yako ya kwanza, atakusaidia. Subiri zamu yako. Tamka unachofanya kabla mkono haujagusa chipu, maana ukishasema kwa sauti kwamba unaongeza dau, neno hilo linakufunga. Ukisogeza chipu moja kubwa kimyakimya, itahesabiwa kwamba umelipia tu dau lililopo, hata kama moyoni ulitaka kuongeza. Usitaje karata zako wakati wengine bado wanacheza. Jambo jingine linalowapata watu wetu: karata zikiwa mezani, lugha ni Kiingereza tu. Ukimkuta Mkenya au Mkongo kwenye kiti cha jirani, salamu zisubiri mkono, yaani mzunguko ule wa karata, uishe, la sivyo mtaonekana mnapeana siri.

Nikuonyeshe mkono mmoja ili ujue unachokwenda kukutana nacho. Wiki iliyopita tulibaki watu 8. Dau kubwa la lazima lilikuwa 3,000 na mimi nilikuwa na 26,000, yaani muda wa kusubiri karata nzuri ulikuwa umekwisha. Nikapata jozi ya kumi, moja ya kopa na moja ya pau. Walionitangulia wote walitupa karata zao. Nikatia zote. Mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu alifikiri kwa muda mrefu, akizikunja ncha za karata zake kwa kidole gumba, akaziangalia tena, kisha akalipia. Akafunua ree na malkia. Hapo jozi yangu iko mbele, lakini kidogo tu, kama mara 57 katika 100. Mgawaji akaweka mezani karata za kutumiwa na wote wawili: 3, 8 na jeki. Ikaja 4. Karata ya mwisho ikawa malkia wa uru, na jozi yake ya malkia ikaipita yangu. Nikampa yule mzee mkono, nikachukua mkoba wangu. Nikipewa jozi ile kesho katika hali ileile, nitatia zote tena. Mtu asiyeweza kufanya jambo sahihi, akaliwa, kisha akaenda kula chakula cha mchana kwa amani, shindano halitampa raha.

Huko kwenu wenzako huenda wanakutajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyepata kiti kupitia shindano dogo la intaneti, na mwaka 2003 akashinda dola milioni 2.5 kwenye shindano kuu la World Series of Poker. Ni kweli ilitokea. Mwaka ule walioingia walikuwa 839. Mwaka 2024 waliingia 10,112, na kiingilio ni dola 10,000 kwa kila mmoja. Wewe njoo kwa ajili ya asubuhi moja nzuri.

Mchana nakula, kisha nakwenda kwenye video pokeri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumizwa bila kujua. Mimi hupenda upande wa Fremont Street, katika mji wa zamani, ambako kasino ya El Cortez imefungua milango tangu 1941. Mashine hizi zinakupa karata tano, unashika unazotaka, unatupa nyingine na kuletewa mpya mara moja, kisha unalipwa kwa mkono uliopata. Popote utakapokwenda, usikae kwenye kiti kwanza. Simama mbele ya mashine inayoitwa Jacks or Better na usome jedwali la malipo kwenye kioo. Tafuta mistari miwili tu: fulu hausi, yaani karata tatu za namba moja pamoja na jozi, na flashi, yaani karata tano za aina moja, zote kopa au zote shupaza. Katika mashine nzuri, kwa kila sarafu moja ya dau, fulu hausi inalipa 9 na flashi inalipa 6. Mashine hiyo, ukiicheza bila kosa na kwa sarafu 5, inarudisha asilimia 99.54 ya dau kwa muda mrefu. Ya jirani yake, yenye rangi na muziki uleule, inalipa 8 na 5: inarudisha 97.30. Nyingine inalipa 6 na 5: asilimia 95.

Unaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo. Tuihesabu kwa pesa. Mashine ya robo dola, sarafu 5, ni dola 1.25 kwa mkono. Mchezaji mzoefu anacheza kama mikono 500 kwa saa, yaani anapitisha dola 625. Kwa wastani, ile ya 9 na 6 inamgharimu chini ya dola 3 kwa saa. Ile ya 8 na 5 inamgharimu karibu 17. Ile ya 6 na 5 inamgharimu zaidi ya 31. Kiti ni kilekile, soda ni ileile. Naona uchungu kila ninapomkuta mama amekaa kwenye ile ya 6 na 5 tangu asubuhi, na hatua kumi kutoka pale kuna nzuri haina mtu. Usidhani kasino moja ina jedwali moja; mashine zilizo karibu na lango na zile za kwenye kaunta ya vinywaji mara nyingi ndizo mbaya. Na majedwali hubadilishwa, kwa hiyo soma kila unaporudi, hata kama ni kiti chako cha siku zote.

Kwa nini sarafu 5? Kwa sababu ya royali: ree, mfalme, malkia, jeki na kumi, zote za aina moja. Ukicheza sarafu 1 hadi 4, royali inalipa 250 kwa kila sarafu. Ukicheza 5, inalipa 800 kwa kila sarafu, jumla sarafu 4,000, ambazo kwenye robo dola ni dola 1,000 kamili. Kama mfuko hauruhusu dola 1.25 kwa mkono, shuka kwenye mashine ya senti 5, usipunguze sarafu. Lakini usikae ukiisubiri royali ije leo. Inatokea karibu mara moja katika mikono 40,000, ambayo kwa mwendo wa mzoefu ni saa 80 za kukaa. Siku isiyokuwa na royali, hata mashine nzuri itakutafuna karibu dola 15 kwa saa. Ndiyo maana bahasha yangu ni ya dola 100 na si ya 20.

Sasa namna ya kushika karata. Jozi ya jeki, malkia, mfalme au ree inarudisha dau lako, kwa hiyo ishike na utupe tatu nyingine. Usiache ree pembeni eti kwa akiba. Inakuzibia nafasi ya kupata karata ya tatu. Ukipewa jozi ndogo, tuseme 7 mbili, na humohumo una kopa nne, shika kopa nne uivunje jozi. Na huu hapa mkono unaowatetemesha watu: ree, mfalme, malkia na jeki za kopa, pamoja na 3 ya kopa. Una flashi tayari mkononi, sarafu 30 zimeshapatikana. Tupa ile 3. Zimebaki karata 47. Moja ni royali, saba zinakurudishia flashi, tatu ni kumi za aina nyingine zinazokupa streti, yaani karata tano zinazofuatana, na kumi na mbili zinakupa jozi ya kurudisha dau. Ukijumlisha na kugawa, kuvuta kunakupa wastani wa sarafu 92 badala ya zile 30. Mara nyingi zaidi utakosa flashi, na bado ulifanya sawa.

Saa 12 jioni naondoka, bahasha ikiwa na kitu au ikiwa tupu. Ukiwa na mkeo, pangeni saa ya kutoka pamoja mkiwa bado hotelini.

Shangazi, mpwa wangu anasema mashine hizi zimepangwa. Ukianza kushinda, mtu ofisini anabonyeza kitufe. Na kwamba mashine iliyokaa muda mrefu bila kutoa ndiyo inakaribia kutoa. Kuna ukweli? — Msomaji, Columbus, Ohio

Kwa Nevada, hapana kwa yote mawili. Sheria za mchezo za jimbo hilo zinataka mashine inayoonyesha karata iwe na uwezekano uleule wa karata 52 za kweli. Kila karata iliyobaki ina nafasi sawa ya kutoka. Ndiyo sababu mimi nacheza video pokeri na siyo zile mashine za matunda na picha: katika zile huwezi kuiona bei, katika hii kasino inapata faida yake kwenye jedwali la malipo, wazi, mbele ya macho yako. Imekuwa hivyo tangu Si Redd na kampuni yake, iliyokuja kuwa IGT, watengenezaji wa mashine za kasino, walipoieneza video pokeri yao iliyoitwa Draw Poker mwaka 1979.

Mashine haina kumbukumbu. Royali ikitoka sasa hivi, mkono unaofuata una nafasi ileile ya royali. Ikikauka mwezi mzima, ni vilevile. Mwambie mpwa wako kwamba jambo la kuliogopa ni lile la 6 na 5 lililoandikwa kwenye kioo.

Kamari ni haramu. Kwa nini Shangazi unawafundisha watu? — Msomaji, Toronto, Kanada

Ndugu yangu, Qur'ani imekataza kamari waziwazi, katika Surat al-Maida aya ya 90, na kwa Mwislamu neno hilo limekwisha. Sitamshawishi mtu avunje dini yake, na hata makanisani kwetu wapo wanaoikataza. Ninawaandikia wale ambao wameshaamua kwenda, na wengi wanakwenda bila kujua chochote. Nikinyamaza hawataacha kwenda. Wataliwa zaidi.

Shangazi, nina mzigo. Mume wangu kila mwisho wa wiki anaendesha gari kutoka hapa Dallas hadi kasino ng'ambo ya mpaka, Oklahoma. Anasema anacheza mashindano madogo tu. Mwezi huu kodi ya nyumba ilichelewa, na nimegundua pesa ya upatu wetu, ambayo ilikuwa zamu yangu kupokea, aliichukua. Nikimuuliza anasema anakaribia kuirudisha yote. Nimsaidieje? — Msomaji, Dallas, Texas

Pole sana, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na ninataka uamini ninachokwambia. Kila nilichoandika hapo juu hakimhusu mumeo. Usimpe jedwali wala hesabu. Mtu anayecheza kwa kujifurahisha anakwenda na pesa aliyoiaga, na ikiisha anarudi nyumbani. Mtu anayechukua pesa ya upatu, anayeficha, na anayefukuzia pesa iliyoliwa kwa pesa nyingine, huyo ameshikwa. Ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, una matibabu, na watu wanapona. Lakini haponi kwa kushinda mara moja kubwa. Hiyo "nakaribia kuirudisha" ndiyo sauti ya ugonjwa wenyewe.

Jumatatu, nenda benki ufungue akaunti ya jina lako peke yako, mshahara wako uingie huko, na kodi ilipwe kutoka huko. Hujamwibia mtu. Unalinda paa la watoto. Kisha mweleze mweka hazina wa upatu, uso kwa uso, kwamba kuanzia sasa fungu lako usipewe kupitia kwa mumeo. Najua aibu yake. Hata hivyo, wanawake wenzako wakijua mapema watakuhurumia, wakigundua baadaye watakulaumu. Deni lake usimlipie kwa kumpa taslimu mkononi, hata akilia. Kama kuna deni la lazima, lilipe mwenyewe kwa anayedai.

Zungumza naye akiwa ametulia, siyo usiku aliorudi. Gamblers Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha kamari, ilianza Los Angeles mwaka 1957 na ina mikutano miji mingi, bure, bila kutaja jina lako kamili. Kuna pia Gam-Anon kwa ajili ya wake, waume na ndugu, na hiyo nenda wewe hata kama yeye amekataa kwenda kwake. Akikubali, aiombe kasino imfungie asiruhusiwe kuingia. Kasino nyingi zina utaratibu huo, na yeye ndiye anayesaini. Ukimshirikisha mzee au mchungaji, chagua anayeweza kutunza siri.

Na akianza kusema maneno ya kwamba bora afe, usiyachukulie kama vitisho vya ugomvi. Piga 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, saa yoyote, hapohapo Marekani. Niandikie tena unieleze mmefikia wapi. Barua hiyo ya pili haitachapishwa.

Shangazi, nakuja Las Vegas kikazi kutoka Dar. Nikishinda, nitaruhusiwa kuondoka na pesa yote? — Msomaji, Dar es Salaam

Inategemea kiasi na mchezo. Kwa miaka mingi, tangu 1977, mashine ikilipa dola 1,200 au zaidi kwa mkono mmoja ilikuwa inajifunga, mhudumu anakuja, na fomu ya kodi inajazwa kabla hujalipwa. Kuanzia 2026 kiwango kimepanda hadi dola 2,000. Kwenye shindano la pokeri, hadi 2025 fomu ilikuwa inajazwa ushindi ukizidi dola 5,000 baada ya kutoa kiingilio. Kwa mgeni asiye mkazi wa Marekani, kasino inakata asilimia 30 palepale. Raia wa nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani wanaweza kusamehewa. Tanzania haina mkataba huo, na Kenya haina pia. Royali ya robo dola, zile dola 1,000, iko chini ya kiwango, kwa hiyo mashine inakulipa na unaendelea.

Mliopata ukazi huku, kwenu ni tofauti: ushindi wote unahesabika kuwa kipato hata kama hakuna fomu. Wekeni daftari lenye tarehe, mahali, mlichoingia nacho na mlichotoka nacho. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inasema kuanzia 2026 mnaweza kukata asilimia 90 tu ya hasara, siyo yote kama zamani, na hasara isiyoandikwa haina wa kuisikiliza.

Wewe wa Dar, tembea na pasipoti yenyewe, siyo picha yake kwenye simu. Chini ya miaka 21 huruhusiwi kucheza, na hata ukiwa na mvi, dirishani wataidai siku ya kulipwa.